Bi. Hayat na Wapwa wa Ununio

Jumanne ile asubuhi marehemu mke wangu alipika vitumbua, akafunga vingine kwenye gazeti, akavaa baibui. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikamwambia, "Mama Aiman, leo pumzika." Akasema, "Nikipumzika mie, boti nazo zitapumzika?" Akateremka pwani. Ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Hayat binti Yazid alizaliwa Bagamoyo tarehe 4 Machi 1957. Baba yake alikuwa na duka la nguo. Mama yake ni Bi. Maisa. Alisoma Kurani chuoni, kisha shule ya msingi mpaka darasa la saba. Mie sikusoma. Haya nimeyasema, binti yetu Yumna ameyaandika.

Tulioana 1978, tukafungua duka Boko. Tuliwauzia wavuvi wa Ununio nyuzi, ndoana na mafuta ya taa. Jioni alinifundisha kuandika jina langu kwa kidole kwenye unga wa ngano. Likitoka sawa, aliukanda ule unga akapika chapati, akasema, "Haya, kula jina lako."

Mwaka 2014 mtoto aliyefanya kazi botini alizama akinasua wavu uliokwama chini. Pwani walimwita Dogo tu. Mwenye boti alisema ni mpwa wake. Wanaume tulikwenda kumzika. Kwenye talakini, maneno anayosomewa maiti kaburini, maiti huitwa kwa jina la mama yake, na shehe aliliuliza. Hakuna aliyelijua. Akaitwa mwana wa Hawa, kama wanavyoitwa wasiojulikana kwao.

Nilirudi nyumbani nikamweleza marehemu. Akauliza, "Mjomba wake hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Sasa hajui jina la dada yake?"

Toka siku ile hakuacha kuwauliza wenye boti.

Akiona mtoto mgeni anavuta wavu saa za shule, alimfuata mwenye boti mbele za watu.

"Huyu nani wako?"

"Mpwa wangu, Bi Hayat."

"Wa dada yako yupi?"

"Yule... wa bara."

"Kila msimu mpwa mpya. Mama yenu alizaa shule nzima?"

Watu walicheka. Mtoto alibaki kwenye wavu. Alikokwenda kushitaki aliambiwa mambo ya mjomba na mpwa yamalizwe nyumbani. Wavuvi wakaacha kununua kwetu, duka likafa. Watoto wachache aliwafikisha kwa mama zao. Mmoja wao, Gibson, mwaka uliofuata aliletwa tena na mjomba mwingine. Alimwamkia marehemu, "Shikamoo bibi," kisha akaangalia chini. Siku ile marehemu hakula.

Maradhi ya figo yalimshika 2022, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu. Akitoka huko alipitia pwani. Jumanne ile alirudi na uso mkunjufu. Mfaume, mtoto aliyeletwa botini mwaka huu, alikuwa amekula vitumbua akamnong'oneza jina la mama yake. Jina la kijiji angemwuliza kesho yake. Adhuhuri akaanguka jikoni.

Mie nilikaa naye wodini. Aiman, mwanetu, alikwenda Ununio kumwuliza yule mtoto kijiji chao. Boti ilikuwa imeshahama, na mtoto yumo. Waliobaki walimwambia, "Mpwa kaenda kwa mjomba mwingine, braza." Marehemu alituuliza, hatukuweza kumficha. Aligeukia ukutani. Mpaka leo hatujui mtoto yuko wapi, na pwani wameshaletwa wengine.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025. Ameacha mume, mie Matar; watoto, Aiman na Yumna; na wajukuu. Leo kaburini ataitwa Hayat binti Maisa, na hapatakuwa na wa kuuliza Maisa ni nani. Mola ampokee kwa upole, ampumzishe alivyokataa kupumzika kwetu.

Alhamisi alinishika mkono, akasema maneno haya, hakusema mengine:

"Mama yake Mfaume ni Mwanaheri. Shika hilo jina, Baba Aiman. Mkishindwa kumrudisha, siku ya kumzika usikubali aitwe mwana wa Hawa."