Odette Wadie, Aliyeipunguza Hesabu ya Miti Yetu

Marehemu Dkt. Odette Wadie Girgis alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Shubra, Kairo, mtoto wa kwanza wa mzee Wadie, fundi saa, na mama Insaf. Mimi ni Mervat, mdogo wake. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa upole. Nitajitahidi.

Alisoma shule ya masista hapa mtaani, kisha Kitivo cha Kilimo kule Giza, akahitimu mwaka 1983. Baba alitaka daktari wa watu, akapata wa miti. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba alipima kila mti aliokutana nao, na wa kushika ncha ya pili ya utepe nilikuwa mimi. "Mervat, usawa wa kifua! Nimesema kifua, si kitovu!" Miaka thelathini, jamani, juani.

Alifunga ndoa na Nasim Boutros, mfamasia, tarehe 23 Oktoba 1988. Kabla ya chakula bibi harusi akapotea. Tulimkuta uani kwa kanisa, amezungushia shina la mti utepe wa shada lake. Nasim akasema, "Mwacheni amalize, la sivyo hatuli leo."

Alifanya kazi taasisi ya utafiti wa kilimo mpaka alipostaafu Machi 2021. Tangu 2006 alitumia programu ya kompyuta iliyotoka Marekani. Unaiambia aina ya mti, unene wa shina na upana wa matawi, nayo inapiga hesabu ya vumbi linalonaswa na majani na joto linalopunguzwa na kivuli. Nasim alizoea kusema mkewe anajua vumbi la kila mti Kairo, isipokuwa la kabati lake mwenyewe.

Novemba 2021 halmashauri ilitaka kukata miti yote sitini na mmoja ya mtaa wetu, magari yapate pa kuegeshwa. Odette akapeleka hesabu: kilo tisini na nne za vumbi kwa mwaka. Tukapika, tukashangilia, tukidhani miti imepona. Wiki moja baadaye akaja kwangu uso umemshuka. Kwa haraka hakupima matawi. Aliiachia kompyuta ikisie kutokana na shina. Sasa kompyuta ya Marekani itajuaje kwamba sisi huku tunaupunguza mti kwa makasi mpaka unakuwa sanduku? Hesabu ya kweli ilikuwa kilo thelathini na moja.

"Nani atajua?" nikamwambia. "Nyamaza, dada!"

"Kila mwenye macho. Chungulia dirishani uone sanduku lenyewe."

Akaenda kusahihisha. Mwanamke mbishi! Miti thelathini na minane ikakatwa, mitano mbele ya jiko langu, ambalo sasa ni tanuri. Nilimwambia ameiua kwa kalamu yake. Sikumsemesha miezi kumi na minne.

Januari mwaka huu aligundulika ana saratani ya kongosho. Nikaenda hospitalini na supu.

"Umekuja kunisamehe au kugombana?"

"Kugombana."

"Basi kaa. Nasim amenichosha kwa upole."

Nikamgombeza karibu kila siku, habari ni miti ileile, hadi Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa tisa alasiri, alipofariki.

Juzi Alhamisi, tukimsubiri mwanawe afike kutoka Montreal, alikuja msibani Mhandisi Sherif wa halmashauri. Nilimpokea vibaya, nakiri. Akaniambia, "Mama, miti yote sitini na mmoja ilikuwa imeshatiwa sahihi ikatwe. Ripoti yake ya kwanza hata hatukuifungua. Kila mtu hutuletea namba kubwa. Halafu akarudi kuipunguza ya kwake! Nikashangaa, nikaisoma, nikaipigania miti. Nilifanikiwa kuokoa ishirini na mitatu tu."

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia siku ileile ilipookolewa."

Alijua. Miezi minne namsimanga kitandani, naye anakunywa supu yangu na kunitazama tu. Angesema neno moja ningefunga mdomo, na labda aliona nikifunga mdomo sitakuja tena.

Marehemu ameacha mume, Nasim, mwana, Fadi, na mkewe Carine, wajukuu wawili, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kumwomba radhi. Odette, dada yangu, naiomba sasa mbele ya watu wote hawa. Ulikuwa sahihi, nami nilikosea. Bwana akupe pumziko lake.