Majani ya Osée kwenye Mteremko wa Bigo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Aliye jikoni apunguze kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka Osée Kamate. Osée Kamate, seremala wa mtaa wa Bigo, hapa Bunia, aliyefundisha watoto kuteleza juu ya ubao wa magurudumu, ule ambao vijana wanauita skate. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tumemzika wiki tatu zilizopita.

Tunayoyasema ametueleza dada yake mdogo, Solange. Ameomba tuyaseme yote, hata lile linalomuuma.

Osée alikuja Bunia kutoka Butembo akiwa mgongoni mwa mama yake, mama Bernadette, yule anayeuza samaki wa chumvi sokoni. Ubao wake wa kwanza aliuchonga mwenyewe kwa mabaki ya kitanda cha mteja, akafunga chini yake rulema, yaani beringi, kuukuu za pikipiki. Akipita, mtaa mzima unasikia. "Nilifikiri kichwa yake imeharibika," anasema mama Bernadette. "Mutu muzima, anapanda juu ya kibao!" Lakini jamani, Osée aliteleza! Mguu mmoja, mikono nyuma, bila haraka.

Kila Jumamosi watoto kumi na sita walimfuata, wengi wao wa familia zilizokimbia vita kule Djugu na kupanga nyumba mtaa wa Shari. Watoto kumi na sita, vibao vinne. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Wiki nzima kuanguka tu, kwenye nyasi. Na kabla mtoto hajakanyaga ubao, Osée alikata matawi akayatandaza barabarani, juu na chini ya mteremko, kama dereva ambaye gari lake limekwama. Nani Bunia haelewi? Ukiona majani, unapunguza mwendo. Bila majani, hakuna mchezo. Solange, aliyemwita yaya, yaani kaka, alikuwa akimcheka: "Yaya, weye iko unaogopa sana!"

Mwaka huu kampuni moja ya vinywaji ilitafuta mtu wa skate wa kuitangaza. Osée akaenda. Hawakumwomba ateleze. Walimuuliza ana abonnés wangapi, yaani watu wanaomfuata kwenye simu. Alikuwa na mia mbili na kumi, nusu yao binamu zake. Kazi akapewa kijana mwenye elfu arobaini, ambaye juu ya ubao hamalizi mita kumi bila kushikwa mkono. Hapo nakasirika, wasikilizaji, mnisamehe.

Wakala wa kampuni, Monsieur Théodore, alimwonea huruma. "Unifikishie dix mille mbele ya mwezi kuisha," alimwambia. "Batoto yako bote batapata planche ya kweli na casque." Watu elfu kumi tu wa kumfuata. Mbao kumi na sita, na kofia za kukinga vichwa. Osée akafungua ukurasa mpya mtandaoni. Solange, mwenye simu nzuri, akawa mpiga picha wake.

Wakafika elfu tatu na mia nne, pakakwama. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Monsieur Théodore alikuja mwenyewe Bigo. Akachungulia simu ya Solange, akakunja uso. "Ile majani inaharibisha picha. Inaonekana sawa chantier." Yaani kama mahali pa ujenzi.

Osée alikataa. Akakataa mara ya pili. Kisha akawatazama watoto wake waliokaa pembeni ya barabara, akachukua ubao wake.

"Nilitosha ile majani na mikono yangu," anasema Solange, yaani aliyaondoa. "Ya juu na ya chini. Yaya aliniona. Hakusema kitu."

Osée alishuka kwa mguu mmoja, mikono nyuma. Pikipiki yenye magunia ikakata kona kwa mwendo wake wa kawaida, ikamgonga. Dereva hakuwa na kosa. Hakukuwa na kitu cha kumwonya. Osée alifariki kabla ya kufika hospitali.

Picha zilikuwa zinarushwa moja kwa moja. Kesho yake asubuhi ukurasa ulikuwa na watu elfu kumi na tisa.

Siku ya nne ya matanga, Monsieur Théodore alifika, macho mekundu. Nadhani alilia kweli. Alileta mbao kumi na sita, bado ziko ndani ya plastiki. Kampuni inatimiza ahadi, alisema. Inaomba tu ukurasa ubaki, video ibaki, na jina la kinywaji liwekwe pembeni, kwa heshima ya marehemu.

Watoto walikuwa wanaziangalia zile mbao. Mama Bernadette akamgeukia binti yake. "Simu ni yako. Yaya yako alikufa juu ya ile planche. Sema weye."

Solange alipasua plastiki moja, akazungusha gurudumu. Lilizunguka bila kelele, halikuwa na haraka ya kusimama. Akalia. Kisha akachukua simu, akafuta ukurasa mbele ya watu wote.

"Mubebe vitu yenu," alisema. "Yaya yangu hatauzisha soda akiwa analala mu barabara."

Mbao zikarudi. Mpaka leo Solange hana amani. "Pengine yaya angenikasirikia," anasema. "Batoto balikosa sababu yangu."

Mama Bernadette, Solange, na ukoo wote wa Kamate, poleni sana. Machozi yenu ni yetu.

Lakini bado, wasikilizaji wapendwa. Ile video ilikuwa imeshanakiliwa. Juzi sokoni, mteja alimwonyesha mama Bernadette, akicheka, bila kujua anamwonyesha nani. Basi, kama unayo kwenye simu yako, ifute. Usimtumie mtu kwanza. Ifute sasa hivi. Tunakusubiri.

Asanteni.

Na Jumamosi hii watoto kumi na sita watakuwa tena mteremkoni, na vibao vyao vinne vyenye kelele. Solange anatangulia kukata matawi. Ukiona majani barabarani pale Bigo, punguza mwendo.