Jina la Babu Halitoshi

Hivi wewe ungenyamaza, aliyekuharibia kazi akikutafunia karanga begani? Ruti alinyamaza tangu Tunduma, kompyuta ya chama cha kahawa mapajani, mpaka Noah waliyopanda, kigari cha abiria, ilipopita Mlowo.

"Kaka Gibson, ulibadilisha zana zote za kompyuta bila kuniuliza," alisema. "Programu yangu ya mizani huazima maelekezo kwenye maktaba ya zamani, lile faili la hesabu zilizoandikwa tayari. Umeifuta."

"Si nimeweka mpya, dada, nikaipa jina lile lile?"

"Programu imeiona, imeomba hesabu ya unyevu wa kahawa, imekosa, ikazimika. Mtoto ukimpa jina la babu yake, ataijua mipaka ya shamba la babu?"

Abiria walicheka. Gibson naye alicheka, maana karanga zilikuwa bado nyingi. "Basi irudishe ya zamani."

"Nimesharudisha. Inapima vizuri."

"Sasa unanuna nini?"

Noah ikasimama Isansa. Wakulima walikuwa wamekalia magunia yao, wakimtazama Ruti kwa jicho baya.

"Tangu mizani izimike, wale wanasema niliichezea niwaibie," alisema Ruti. "Nilitaka utangulie kushuka, uwaambie kwamba ni wewe."