Mama Vifungo na Shati la Komando

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti. Kama uko jikoni, funika sufuria uje. Kama uko njiani, sogea kando usikie vizuri. Leo tunamkumbuka mtu, na mtu huyu hakumbukwi kwa kunong'ona.

Alikuwa mtaalamu wa tiba kazi. Narudia: tiba kazi. Wengi walidhani anawatafutia watu ajira. Akiulizwa, alicheka hadi miwani ikamshuka puani, kisha akasema: "Kazi ya mtoto ni nini? Kula, kucheza, kuvaa, kuandika, kwenda chooni bila kumwita mama. Namsaidia aiweze kazi yake." Basi. Hakuchoma sindano, hakuandika dawa. Chumba chake pale hospitalini kilikuwa na mkeka, mpira mkubwa kuliko mtoto, beseni la mchanga, na vibanio vya nguo vilivyobana kila kinachobanika, hata pazia. Watoto walimwita Mama Vifungo. Nasi tutamwita hivyo hivyo.

Mama Vifungo ametutoka Ijumaa iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Alizaliwa nyumbani kwa fundi cherehani. Mdogo wake wa kiume, aliyeirithi cherehani ile, ameniambia hivi: "Dada alikuwa hatulii. Baba akishona, yeye anafumua aone ndani kukoje. Baba akasema, huyu akisomea udaktari, wagonjwa watakoma." Hakusomea udaktari. Alisomea mikono ya watoto.

Sasa sogea, nikupeleke kwa Komando.

Komando alikuwa msichana wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imefumba. Jina la Komando alipewa kwa sababu ngazi alizishuka kwa makalio huku akitoa amri: pisheni, pisheni. Alilelewa na bibi yake. Na bibi alimpenda, jamani. Alimwogesha, alimlisha, alimvalisha. Mtoto alikuwa hagusi hata soksi yake.

Shule ilikuwa karibu na kwao. Mwalimu mkuu akamwambia bibi: "Nafasi ipo. Lakini siku za michezo watoto wanabadilisha nguo, na sina mtu wa kumvalisha. Shule ikifunguliwa mlete. Akijivalisha shati mbele yangu, nampokea. Akishindwa, mwakani." Bibi alikuwa ameshalisikia neno "mwakani" mwaka uliotangulia. Akampeleka mtoto kwa Mama Vifungo.

Unaweza kumkasirikia mwalimu yule. Mimi nimemkasirikia wiki nzima. Mama Vifungo hakuwa na muda wa hasira. Alikuwa na mtoto mmoja, shati moja, na shule inakaribia kufunguliwa.

Alikuwa na ubao wake wa vifungo. Kipande cha mbao, juu yake nguo imepigiliwa pande mbili, huku vifungo, huku matundu. Komando akauweka mezani mbele yake. Akahangaika, akatoa ulimi, akafaulu. Siku zikaenda, akawa anaumaliza ubao mzima huku akiimba. Mama Vifungo akampigia makofi, chumba kizima kikapiga makofi.

Komando na bibi wakaenda nyumbani. Bibi akatoa shati la sare. Komando akalivaa begani, akashika kifungo, na hakuweza hata kimoja. Hata kimoja, wasikilizaji. Siku zote anaweza ubaoni, nyumbani hawezi. Bibi akamtania ili asilie: "Huko kwa Mama Vifungo wako simba, hapa kwetu paka." Mtoto akalia zaidi.

Mama Vifungo akaja hadi pale nyumbani. Akamtazama kutoka mbele. Hakuona kitu. Kisha akaketi nyuma ya mtoto, akaweka kidevu juu ya bega lake, akakitazama kifua kwa macho ya mtoto mwenyewe. Hapo akaliona kosa.

Ubao unakutazama usoni. Shati halikutazami. Ubaoni, vifungo vilikuwa upande wa mkono wa kulia, mkono wenye nguvu. Shati lilipovaliwa, vilihamia upande wa kushoto, upande wa mkono uliolala. Na kile cha shingoni hakionekani kabisa, kiko chini ya kidevu. Ni kosa ambalo mtu asiyefundisha kuvaa hawezi kulifanya.

"Komando," akasema, "nimekufundisha kumvalisha mtu mwingine. Kosa ni langu."

"Kwa hiyo mimi si mjinga?"

"Mjinga ni ubao."

Bibi akaingilia. "Mwanangu, si baba yako alikuwa fundi? Hamisha vifungo upande wa pili tumalize."

"Na sweta je? Na koti la mvua? Bibi, tutahamisha vifungo vya dunia nzima?"

Jioni ile alikwenda dukani kwa mdogo wake. Fundi anasimulia: "Akanyoosha mkono wa kushoto, akaniambia niufunge kwa kitambaa. Akachukua shati la mteja, akalivaa, akaanza kuhangaika. Mteja mwenyewe akaingia. Dada akamwambia, subiri kaka, shati lako liko masomoni."

Na akaipata njia. Usianze juu, anza chini, kule macho yanakofika. Ngumi ya kushoto haitashika kifungo, lakini inaweza kukandamiza nguo tumboni isikimbie. Mkono wa kulia ufanye yaliyobaki. Anza chini, panda juu.

Wakarudi kwenye mazoezi, safari hii shati likiwa mwilini. Kazi ngumu kuliko zote alipewa bibi: asifanye kitu. Bibi alikaa amevikalia viganja vyake, akihema kama anayepandisha mlima.

Shule ikafunguliwa. Ofisi ya mwalimu mkuu ina meza, kabati na viti viwili. Bibi yuko kwenye kiti kimoja. Mama Vifungo amebaki nje, kwa sababu mtoto akimwona atamtazama yeye badala ya shati. Komando akaanza chini. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Kilichofuata kikaingia tundu lisilo lake, shati likapinda, upande mmoja juu, mwingine chini.

Mwalimu mkuu si mtu wa jiwe. Akainuka, mikono imetangulia. "Ngoja nikusaidie, mwanangu."

"Mwalimu, kaa," Komando akasema. "Ukinisaidia, utanikataa."

Mwalimu akakaa.

Komando akafungua vyote. Vyote, wasikilizaji. Akaanza upya kutoka chini. Jasho likamtoka. Alipofika kile cha shingoni, akafumba macho, kwa nini uyafumbue kama hayakusaidii? Kikateleza. Akakirudia. Kikateleza tena. Kisha kikapita.

Mwalimu mkuu akanyoosha kidole. "Darasa la kwanza ni mlango ule wa pili," akasema.

Bibi akatoka nje. "Amevaa."

"Ameanzia wapi?" akauliza Mama Vifungo.

"Chini."

Basi mtaalamu mzima, mwenye vyeti ukutani, akaruka hadi kiatu kikamvuka mguuni na kumpita mlinzi wa shule. Hilo linastahili ubeti:

Mkono uliolala, mama ameuamsha,
Wala si dawa ya kula, ni kifungo kukivusha.

Kesho yake aliutoa ubao ule chumbani. Tangu hapo, kila mtoto aliyefika chumbani kwake alijifunza kuvaa kwa kuvaa, na kila mzazi alipewa kiti cha kukalia viganja vyake. Zaidi ya miaka ishirini, maelfu ya vifungo.

Komando leo ni fundi wa simu. Anafungua skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, ngumi ya kushoto ikishikilia simu isicheze. Aliniambia jana: "Watu wanadhani alinifundisha kuvaa. Kuvaa ningejua tu siku moja. Alimfundisha bibi kungoja, na bibi alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko mimi."

Kwa mume wake, kwa watoto wake, kwa mdogo wake fundi cherehani, kwa wenzake wa pale hospitalini, poleni sana. Mmempoteza mtu, na mna haki ya kulia. Mna haki pia ya kujivuna, na leo sisi tunajivuna pamoja nanyi.

Nawe msikilizaji, kesho asubuhi nyumbani mwako kuna mtoto atakayeingiza mguu wa kushoto kwenye kiatu cha kulia. Utakuwa umechelewa. Ulimi utakuwa umeshaanza kusema, lete hapa. Umeze. Mwache akosee, avue, aanze tena, nawe usimame mlangoni na mkoba wako, uchelewe kwa ajili yake.