Pua ya Nyangumi, Uji wa Mama

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu wa tofali, mkabala na lango la hospitali. Hapa habari hushukiwa kwanza, ndipo isikilizwe. Asubuhi ile, Bomba, fundi wetu wa mabomba, alikaa kanuna. Mama yake tangu apooze anapaliwa na kila anachomeza, na daktari anataka kumpitishia puani mpira wa kumlishia, ufike mpaka tumboni. Bomba hajakubali.

BOMBA: Daktari ananiletea habari za nyangumi! Eti akiwa tumboni mwa mamaye, pua huanzia usoni kama ya mtoto wetu, halafu inapanda polepole mpaka utosini. Na kooni ana nyama ya kuziba njia ya hewa akimeza. Kizibo cha mama, anasema, kimechoka.

GUNDI (fundi viatu): Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi.

JICHO (mlinzi wa ghala): Nyangumi si samaki, ananyonyesha. Na nani aliingia humo tumboni akaiona pua ikipanda?

GUNDI: Daktari wa watu, nyangumi kamjulia wapi?

BOMBA: Hapo hapo! Mimi ni fundi. Uji haupitishwi kwenye bomba la hewa. Pua ni ya kupumulia, basi!

GUNDI: Hao wanajaribia watu. Leo mpira puani, kesho wanampandisha mama pua utosini.

JICHO: Kwani pale nyuma wamejenga tangi kubwa la nini? La maji ya kufulia? Thubutu! Mna nyangumi mle.

GUNDI: Aliye juu mngoje chini!

Tukacheka sote, isipokuwa Bomba. Mara dada yake mkubwa akatoka langoni na chupa ya uji, imejaa vilevile kama alivyoingia nayo. Macho mekundu. Hakutusalimia.

DADA: Mdogo wangu, daktari anasubiri neno lako.

BOMBA: Dada, naogopa atakosa pumzi.

DADA: Hata mimi naogopa. Ila tangu jana hajatia kitu tumboni. Leo anakula nini?

Bomba akatutazama mmoja mmoja. Jicho akageukia ghala lake. Gundi, ambaye hakosi methali hata msibani, akainamia kiatu alichokuwa akishona. Nami niliona aibu, maana nilicheka kuliko wote.

BOMBA: Twende, dada. Wamuwekee.

Wakavuka barabara, na hakuna aliyethubutu kumuita arudi.