Mwalimu Eufrasia Mayala na Vyura wa Udongo

Baba Padre, viongozi wa kijiji, walimu, wanafunzi, ndugu, jamaa na majirani wa kitongoji hiki, mwangaluka, na poleni kwa safari na kwa msiba. Mimi ni Joyness Mayala, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome historia yake kwa sababu kaka zetu wamesema sauti zao zimekatika kwa kulia, ingawa mimi nawajua, kilichowakatika ni miguu. Naomba mnivumilie nikisoma nikiwa nimevaa miwani nyeusi, jua la leo ni kali, na ninayo sababu nyingine ambayo nitaisema nikifika mahali pake, Mungu akinipa nguvu.

Marehemu Mwalimu Eufrasia Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kata ya Sola, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Mayala Maige, mkulima wa pamba, na mama yetu Minza. Kuni zilikuwa za shida, kwa hiyo mama alipikia miti mikavu ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na sisi wasichana ndio tuliokaa katika jiko lile la udongo lisilo na dirisha, tukisonga ugali na kuchemsha michembe ya viazi vikavu huku machozi yakitutiririka, na kaka zetu wakicheka huko nje kwamba tunalilia chakula kabla hakijaiva. Marehemu alitoka katika jiko lile akiwa na macho mekundu, na wekundu huo haukumtoka mpaka tulipomfumba macho hayo juzi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1972 huko huko Sola, akamaliza la saba mwaka 1978 akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyechaguliwa kwenda sekondari, akasoma Mwanza hadi kidato cha sita, kisha chuo cha ualimu, akatunukiwa stashahada ya ualimu wa sayansi mwaka 1987, na mwezi Septemba mwaka huo huo akaajiriwa kufundisha baiolojia Bariadi. Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa takatifu na Bwana Deogratias Ngassa, bwana shamba, kwa mahari ya ng'ombe ishirini na wawili, ambao shangazi zetu mpaka leo wanasema walikuwa wachache. Mungu aliwajalia watoto wawili, Constantine, aliyezaliwa mwaka 1990, na Precious, aliyezaliwa mwaka 1994, wote wako hapa mbele yenu. Bwana Deogratias alifariki tarehe 19 Agosti 2006 kwa ugonjwa wa kisukari, na ninyi mnajua kama ninavyojua mimi, mwanamke wa kwetu akifiwa na mume huku macho yake ni mekundu, watu huanza kujumlisha, na jumla yake huwa ni mchawi.

Mwezi Januari 2008 alihamishiwa katika shule ya sekondari ya kata hapa Kimali, wilaya ya Meatu, akapanga nyumba ile mnayoiona kule nyuma ya turubai, akawa jirani wa Bibi Kabula, mjane aliyeishi peke yake na mbuzi wake, ambaye kila asubuhi alimletea maziwa kwenye kibuyu, akaketi jikoni kwake kuota moto, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya marehemu. Walipendana, na dada alikuwa akinitania kwa simu kwamba sasa amepata mdogo mwingine, tena anayemheshimu.

Sasa nifike kwenye vyura, kwa maana najua wengi mmekuja kusikia habari ya vyura. Katika mbuga zetu mvua za kwanza zinaponyesha hutokea chura mweusi mwenye mistari myekundu mgongoni, anayeishi kwenye vichuguu, ambaye haruki kama wenzake bali hutembea polepole kama mtu anayetoka misa, kwa sababu ngozi yake ina sumu na ndege wanajua. Marehemu aliwafundisha watoto wenu kwamba hiyo ni rangi ya onyo, iliyojengeka kidogo kidogo kwa vizazi visivyohesabika, na kila mwaka aliwauliza swali lililomnyima yeye mwenyewe raha: ikiwa rangi humlinda chura kwa sababu ndege wameshajifunza kuiogopa, je, yule chura wa kwanza kabisa kuzaliwa na rangi, kabla ndege yeyote hajajifunza, alisalimika vipi, maana yeye ndiye aliyeonekana kwa mbali kuliko wote. Jibu lake lilikuwa kwamba wengi wa mwanzo hawakusalimika, walidonolewa, na ndege waliowadonoa ndio waliokwenda na fundisho, likawafaa ndugu wa yule aliyekufa.

Ili watoto waone kwa macho yao, mwezi Novemba 2012 yeye na kidato cha tatu walifinyanga vyura wa udongo, nusu wakawaacha na rangi ya udongo, nusu wakawapaka mistari myekundu, wakawatawanya mbugani ili wahesabu alama za midomo ya ndege. Alikuwa na furaha ya mtoto, akanipigia simu kunieleza jinsi udongo wa Meatu ulivyo mzuri. Hakuna aliyekwenda kwa wazee kueleza, wala hakuwaza kwamba ipo haja, kwake yeye lilikuwa somo tu, na hapo ndipo msomi wetu alipokosea njia, kwa kuwa mtu anayekutana na chura wa udongo mwenye mistari myekundu shambani kwake hafikirii mtihani wa baiolojia. Watoto wa kuchunga waliwaokota baadhi yao wakawachezea, wakawaacha langoni mwa zizi la marehemu Mzee Shija, na juma lile ng'ombe wake watatu wakafa. Daktari wa mifugo alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe, lakini nani angemsikiliza daktari wa mifugo wakati chura alikutwa ameelekea zizini. Dalili ya mvua ni mawingu, watu wakasema, wakataja mjane, wakataja macho, wakasema mayu yule, mama mwalimu, ni nogi, anafinyanga uchawi na watoto wetu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 7 Februari 2013, asubuhi, marehemu alikuwa amekwenda Mwanhuzi kikazi. Watu walikuja nyumbani kwake na mapanga, wakamkuta Bibi Kabula mlangoni ameleta maziwa kama kawaida yake, na walipoona macho mekundu kwenye mlango ule hawakuuliza ni ya nani. Sitasoma zaidi ya hapo. Hakuna aliyeshitakiwa, hakuna aliyeona, kitongoji kizima siku hiyo kilikuwa shambani, na mimi tangu turubai lifungwe nimekuwa nikiwatazama nyuso, najiuliza ni nani kati yetu hakuwa shambani.

Marehemu alikimbilia kwangu Bariadi akiwa na nguo alizovaa, akaombewa uhamisho, akafundisha huko miaka minne akiwa amevaa miwani nyeusi, darasani, kanisani, sokoni, hata akimenya viazi jikoni kwangu. Gari likisimama nje alikwenda chumbani. Alikuwa akiniambia kwamba Kabula ndiye chura wa kwanza, na kwamba aliliwa badala yake. Jioni moja, tukiwa tunachambua mchele, alinieleza kwamba wataalamu wanadhani rangi ya onyo haikuanzia mgongoni, vyura wengi wa zamani walikuwa nayo tumboni na chini ya mapaja, mahali pa kufichwa, wakaionyesha pale tu walipobanwa, na ni baada ya vizazi vingi ndipo ikapanda mgongoni wazi wazi. Akagusa miwani yake, akasema yeye amefika tumboni. Nilicheka, kisha nikaogopa, kwa sababu namjua dada yangu, hakuwa mtu wa kukaa kwenye hatua moja.

Mwezi Julai 2017 aliomba mwenyewe arudishwe hapa. Tulilia, tukamwita kichaa, Constantine akapiga magoti, akatujibu kwamba Kabula hana ndugu wa kumpalilia kaburi. Na katika kikao cha wazazi cha mwezi Oktoba, mbele yenu ninyi, alisimama akavua miwani. Aliwaeleza kuhusu udongo, ndege na moshi, akasema chura ana sumu kweli, anaonyesha rangi, na adui anajifunza jambo la kweli, lakini sisi hatuna sumu, rangi tumepewa na jiko, na anayetuogopa amejifunza kitu ambacho hakipo. Tangu siku hiyo hakuivaa miwani ile tena.

Msije mkadhani alikuwa shujaa asiyeogopa, hiyo nitaikataa hata mbele ya Padre. Aliogopa kila siku ya maisha yake hapa. Alikuwa na kiti kizito cha mninga alichokisukuma nyuma ya mlango kila jua likizama, na kila asubuhi nilimpigia simu, akisema mhola, yaani salama, nakaa chini, nusu saa akichelewa kupokea nimeshashika mkoba wa safari. Mimi nilikuwa naogopa kwa simu, yeye alikuwa anaogopa papo hapo, huku akisahihisha madaftari.

Alistaafu mwezi Machi 2024, akaendelea kuishi hapa. Mwezi Juni mwaka huu wa 2025 alianza kubanwa na pumzi, tukampeleka hospitali Bariadi, na baada ya vipimo daktari alituuliza marehemu alivuta sigara kwa miaka mingapi. Hakuwahi kushika sigara. Daktari akatazama macho yake, akauliza alikuwa akipikia nini, na tulipomwambia akatikisa kichwa, akasema ni moshi, mapafu yameisha. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho dada alikuwa hajakifikia, au alikifikia akanificha. Ile rangi haikuwa ya uongo. Ilikuwa onyo la kweli kabisa, lakini lilikuwa linamwonya yeye, na Bibi Kabula, na kila mama anayepikia mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, na sisi sote tukalisoma kinyume, tukachukua mapanga badala ya kutoboa ukuta. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akiwa ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na ombi moja, azikwe hapa, kando ya Kabula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani waliochimba kaburi, jumuiya iliyosali kwa siku zote hizi, na majirani mlioleta maji, mchele na maturubai. Nawashukuru pia wale ambao wamekuja kwa sababu dhamiri imewaleta. Viti havikutosha asubuhi, nikakitoa nje kile kiti cha mninga, na kuna mtu amekikalia, simtaji, ila akae kwa amani, hakuna mlango wa kuzuiwa nacho tena.

Sasa ile sababu nyingine. Mimi nilikaa katika jiko lile lile la Sola, bega kwa bega na yeye, na kesho kutwa nitabaki hapa kumaliza matanga, nikiwa mwanamke mjane, peke yangu, katika nyumba ile. Ninaogopa, jamani, ninaogopa sana. Naivua miwani. Nitazameni, macho yangu ni haya.

Dada yangu Eufrasia, nimefika mgongoni, pumzika kwa amani.