Kwenda Saa Tatu, Kurudi Usiku Kucha

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi Kufuli, na anayelikalia sharti avumilie kelele za tupa. Asubuhi hii tupa ilikuwa kimya. Binti wa pekee wa Fundi anapanda ndege kesho, anakwenda kazini ng'ambo ya bahari, na baba mtu alishatuonyesha tiketi kwenye simu mpaka Mama Kahawa akamwambia aichaji kwanza. Wiki nzima anajikaza mbele yetu.

— Someni wenyewe. Inaondoka saa nne asubuhi, inatua saa saba mchana, siku ile ile. Saa tatu tu, jamani! Ni hapo hapo.

Dereva, mstaafu wa malori, akaguna.

— Saa tatu mimi sijamaliza kupakia. Bahari nzima hiyo, Fundi!

— Bahari haina matuta wala askari wa barabarani.

Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani tu, akaweka kikombe chini.

— Kasheshe ni kurudi. Shemeji yangu alitoka huko huko saa kumi jioni, akatua hapa kesho yake saa tatu asubuhi. Usiku kucha angani!

— Sasa kurudi kuwe mbali kuliko kwenda, kwa nini? Fundi akauliza, sauti imepungua.

— Mizigo, Dereva akadakia. Mtu anaondoka na begi moja, anarudi na matelevisheni. Na dunia si duara? Kwenda ni mteremko, kurudi mlima.

— Mlima baharini! Mama Kahawa akacheka. Ni jua, nyie. Kwenda, ndege inalifukuza jua. Kurudi inapishana nalo, giza linaingia, rubani anapunguza mwendo.

— Kwani hana taa? Dereva akauliza.

— Anazo. Amulike nini, mawingu?

— Mmekosea wote, akasema Profesa. Bahari usiku inajaa. Ikijaa inapanuka. Ikipanuka, ule mji unasogea.

Fundi alicheka kutuzidi sote, mpaka nikamwonea huruma.

— Hata ukisogea, ni usiku mmoja. Atalala, akiamka yuko kwao.

Kando yetu alikuwa amesimama dada mmoja mgeni, ameleta ufunguo wa kutolewa nakala.

— Samahani, akasema. Kwani anarudi lini?

Kila mtu akatazama kikombe chake. Profesa akavua miwani, akaifuta. Fundi akaisogeza tiketi juu, akaisogeza chini. Ilikuwa ya kwenda tu.

— Mama Kahawa, niongezee.

— Imekwisha, baba.

Fundi akainuka taratibu, akatoa ufunguo mfukoni mwake, akaubana kwenye jiriwa pamoja na mwingine mpya usiochongwa meno bado. Yule dada akamnyooshea wake.

— Wako subiri kidogo, mwanangu. Huu ni wa mlango wa nyumbani, nataka aondoke nao. Si umesikia, ndege inatua asubuhi? Saa hizo mimi niko hapa dukani. Sitaki binti yangu aje kugonga kama mgeni.

Tupa ikaanza kulia, na safari hii hakuna aliyelalamika.